Kibuyu cha Mbegu cha Bibi Matika

Siku ile ya kibuyu naikumbuka hata leo, mwanangu. Ndiyo maana jana uliponiambia kwamba wiki ijayo unawapeleka wanafunzi wako makumbusho, wakajifunze jinsi watu walivyohama na jinsi makabila yalivyokutana hapa katikati ya nchi, nilinyamaza. Ukadhani sikusikia. Nilisikia vizuri sana. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na usiku kucha sikupapata.

Basi nianze popote. Kunywa chai yako, na usinikatize kwa kuniambia kwamba siku hizi mambo ni tofauti. Najua ni tofauti. Watoto ni walewale.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, wewe hujazaliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalikuwa yamejaa sabuni na mafuta ya kupikia, mitumba inamwagwa chini sokoni, na wafanyabiashara wa vinyago wanapita vijijini kutafuta vigoda na vibuyu vya zamani wakawauzie watalii. Kila kitu kilikuwa na mnunuzi wake. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, Mpare wa milimani, niliyepangiwa shule moja ya msingi upande wa Makutupora, kwenye mizabibu, nikifundisha historia darasa la sita. Watu hututania Wapare kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili tupate nauli ya kwenda mahakamani kudai mbuzi. Sibishi. Lakini langu mimi halikuwa kesi, lilikuwa ujuaji, na ujuaji ndio ulioniponza.

Nilikuwa sijathibitishwa kazini. Mkaguzi wa elimu alikuwa anatarajiwa mwezi ule, na mwalimu mkuu alinieleza waziwazi kwamba barua yangu ya kuthibitishwa itategemea atakachoandika huyo mkaguzi. Nilikuwa silali vizuri. Nikafikiri, nifanye jambo ambalo hakuna mwalimu wa shule ile amewahi kulifanya. Niwapeleke watoto mjini makumbusho, na kila mtoto aende na kitu kutoka nyumbani kwao.

Nikawaambia hivi: "Kila mmoja aje na kitu ambacho wazee wake walikuja nacho walipohamia huku. Asiye na kitu hana historia."

Nilisema hivyo, mwanangu, kwa mdomo wangu huu.

Asubuhi ya safari wakaja na vitu. Mmoja alikuwa na jembe lililolika likabaki kama kijiko. Mwingine alishika tasbihi ya babu yake aliyetoka Kondoa, mwingine ngozi ya mbuzi iliyokakamaa. Nyemo, msichana mwembamba aliyelelewa na bibi yake, alikuja na kibuyu kidogo cheusi kwa moshi, kimezibwa kwa kitambaa na nta ya nyuki. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Nikakisifu mbele ya mstari mzima, naye akainamisha kichwa. Nikadhani ni haya za kike.

Magdalena alikuja mikono mitupu. Huyu alikuwa Msandawe, na kwao walisema ile lugha yao yenye vidoko, ulimi unagonga kaakaa katikati ya neno. Watoto wenzake walipenda kumwigiza, nami nilikuwa siwakemei kama ilivyonipasa.

"Kitu chako kiko wapi?" nikamuuliza.

"Mwalimu, mama anasema sisi hatukuja. Watu walitukuta hapa."

Mstari ukacheka. Ningeweza kusimama palepale nikawafundisha watoto wale somo zima la mwaka, maana jibu alikuwa amelitoa yeye. Lakini mimi nilikuwa na haraka, lori lilikuwa linanguruma. Nikamwambia, "Mkono mtupu haulambwi, Magdalena. Kaa mwisho wa mstari." Akaenda akakaa.

Hayo makumbusho yalikuwa vyumba vitatu tu katika jengo la zamani pale mjini, na siku hizi hayapo tena. Mtunzaji wake alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Kondoa, mpole, mwenye tabia ya kuuliza jambo mara mbili. Alikuwa na kanuni moja asiyoivunja kwa mtu yeyote. Kitu cha mti, cha ngozi au cha kibuyu hakivuki mlango wake kabla hajakitia dawa. Wakati huo dumuzi alikuwa ameshaingia nchini, yule mdudu ambaye watu walimwita Skania kama yale malori, na Mzee Hamisi alimwogopa kuliko moto. Aliwahi kupoteza vigoda vinne kwa wadudu, vikabaki unga. Kwa hiyo pale mlangoni alikuwa na meza, brashi, na kopo la dawa ya unga lenye picha ya fuvu.

Akapaka jembe mpini wake. Akapaka ile ngozi. Alipofika kwenye kibuyu akakitikisa karibu na sikio.

"Hiki kina kitu ndani," alisema. Akatoa kile kizibo taratibu, akachungulia. "Mwalimu, ni mbegu za uwele. Kuna mtu atazitumia hizi? Dawa yangu si ile ya mahindi. Hii ni sumu ya kuhifadhia ngozi."

"Mzee wangu, hizo si mbegu tena," nikamjibu. "Hizo ni historia."

"Una hakika? Hakuna mtu wa kuzila?"

"Nani ale mbegu za zamani hivyo? Tia na ndani, mzee, watoto wanaungua na jua."

Nyemo alikuwa amesimama kando yangu. Alifungua mdomo. Nami nikamgeukia nikamtazama, lile jicho la mwalimu ambalo wewe pia unalo, usinidanganye. Akaufunga. Mzee Hamisi akatia ule unga wa dawa ndani ya kibuyu, akakizungusha, akakiziba.

Somo likaenda vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma. Ukutani palikuwa na ramani yenye mishale ya kuonyesha watu walikotoka, nami nikaenda na mshale baada ya mshale kwa fimbo yangu. Hawa walitoka kaskazini na ng'ombe. Hawa walitoka magharibi na majembe. Nilipofika kwa Wasandawe hapakuwa na mshale. Nikasema hao walikuwapo tu, wakiwinda na kurina asali, hawana safari ya kusimulia. Nikapita. Sikumtazama Magdalena wakati nasema, lakini nilijua aliposimama.

Tuliporudi shuleni jua limeinama, watoto wakatawanyika, Nyemo akabaki. Alikuwa amekikumbatia kile kibuyu kwa mikono miwili na machozi yanamshuka bila sauti.

"Mwalimu, nilikichukua bila ruhusa. Kinakaa juu ya dari, pale jikoni, kwenye moshi. Bibi amekwenda kumuuguza dada yake, anarudi kesho. Hizi ndizo tunazopanda kila mwaka. Mwalimu, ile dawa itatoka?"

Hofu ikanijaza picha kichwani. Nilimwona mkaguzi. Nilimwona mwalimu mkuu ameshika barua yangu. Niliona kijiji kizima kimekuja shuleni kudai mbegu ya watu. Na mtu mwenye hofu, mwanangu, husema maneno ya kuiponya hofu yake mwenyewe, si maneno ya kumponya aliye mbele yake.

Nikamwambia, "Itatoka tu. Mbona mbegu za dukani nazo hutiwa dawa? Zitaota vizuri, wadudu hawatazigusa. Kirudishe ulipokitoa. Na usimwambie mtu."

Akaniitikia, "Ndiyo, mwalimu." Akaenda zake.

Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Methali hiyo nilikuwa nimeiandika ubaoni juma lilelile, watoto wakainakili.

Siku iliyofuata niliishi kwa kujituliza. Nikajisemea, kupanda si kula. Mbegu itakwenda ardhini, sumu itakwenda na mvua, nani atajua? Nikifundisha, chaki inakatika mkononi. Nyemo alikuja darasani akakaa mahali pake, akafanya hesabu zake, hakuinua uso. Nikaona afadhali, anatii. Wakati wa mapumziko nilitaka kumfuata Mzee Hamisi mjini nimuulize ile sumu ina nguvu kiasi gani, kisha nikaogopa kwamba swali lenyewe litanifichua. Kuuliza si ujinga, lakini kuna siku mtu anachagua ujinga kwa sababu una usingizi kidogo ndani yake.

Siku ya tatu, alfajiri, mvua ya kwanza ikanyesha. Wewe umezaliwa hapa Dodoma, huna haja ya kuelezwa harufu ya udongo wetu siku hiyo. Watu walitoka nje wakicheka. Mimi niliingiwa na baridi.

Darasani Nyemo hakuwapo. Nilikuwa naita majina, nilipofika kwake Magdalena akasimama kule nyuma.

"Mwalimu, Nyemo hatakuja leo. Kwao wanaonja mbegu."

"Wanaonja vipi?"

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni. Katika nyumba ile, mvua ya kwanza ikinyesha, bibi hushusha kibuyu, huchota konzi moja ya uwele, husaga, hupika uji. Kila mtoto wa nyumba huonja kabla ya mbegu kwenda shambani, ili mbegu iwajue wanaoilimia. Na anayeanza kuonja ni mdogo kuliko wote. Mdogo wa mwisho wa Nyemo alikuwa Yona, na Yona alikuwa hajatimiza miaka mitatu.

Sikumbuki nilivyotoka darasani. Nakumbuka baiskeli ya mwalimu mkuu, ambayo sikuiomba. Nakumbuka njia ya katikati ya mizabibu, udongo unashika matairi, watu waliokuwa wakipalilia wananiinulia mikono, "Mbukwa, mwalimu," nami sikuitikia hata mmoja. Kwa Wagogo huo ni utovu mkubwa wa adabu, kumpita mtu bila salamu, na baadaye niliulizwa juu yake. Mnyororo ukachomoka. Nikaitupa baiskeli kando ya njia nikakimbia kwa miguu, viatu mkononi, nikisema jina moja tu. Yona, Yona, Yona. Sikuwa namwomba Mungu kwa mpangilio, mwanangu. Nilikuwa namtajia jina la mtoto.

Nilipofika uani kwao, mbele ya tembe lao, ile nyumba ya paa bapa la udongo, niliwakuta hivi. Bibi Matika amesimama na ufito mkononi, anatweta. Yona amekaa chini analia kwa sababu hana bakuli. Na Nyemo amejikunja ukutani, amelikumbatia bakuli la uji kifuani, uji wa moto umemwagikia gauni lake la shule, na kwenye mikono yake nikaona alama za ufito.

"Shikamoo, bibi," nikasema, nikiwa sina pumzi.

"Marahaba, mwalimu. Umekuja wakati mzuri. Nitazamie mwanafunzi wako. Amempora mdogo wake uji mdomoni. Namuuliza kwa nini, hasemi. Nimempiga, hasemi. Huyu ameingiwa na nini?"

"Bibi, uji una sumu. Ni mimi niliyeitia."

Ufito ukashuka. Nikaeleza yote, kuanzia lori hadi kopo lenye fuvu, kwa sauti ambayo haikuwa yangu. Bibi hakunikatiza. Nilipomaliza hakunitazama mimi, alimtazama mjukuu wake.

"Kuna aliyeonja?"

Nyemo akatikisa kichwa.

"Wewe je?"

Akatikisa tena.

"Na kwa nini hukuniambia, mjukuu wangu? Ninakupiga, unaona ninakupiga, kwa nini hukusema?"

"Mwalimu alisema nisimwambie mtu."

Mwanangu, nimezika wazazi, nimezika mume. Sijasikia maneno mazito kama hayo. Mtoto alikuwa ameshika amri yangu kwa mkono mmoja na uhai wa mdogo wake kwa mkono mwingine, na hakuangusha hata kimoja. Mimi mtu mzima nilikuwa nimeangusha vyote viwili.

Bibi Matika alikaa chini polepole. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Yeye akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, anachagua neno moja moja:

"Mwalimu, shule imemfundisha huyu kusoma, nashukuru. Imemfundisha kuandika, ananisomea barua za baba yake. Lakini kunyamaza hivi, mpaka apigwe bila kusema, hili nalo mnalifundisha? Liko kwenye mtihani?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Kisha akainuka, akaanza kazi, maana wazee wale hawakuwa na muda wa kukaa na majonzi mvua ikiwa imenyesha. Tulichimba shimo refu nyuma ya nyumba, tukafukia uji, tukafukia unga uliobaki kwenye jiwe la kusagia, na jiwe lenyewe likafuata. Ndipo tulipomwona kuku amelala pale jiwe lilipokuwa, miguu juu. Alikuwa ameokota punje zilizodondoka. Bibi akamtazama yule kuku, akamtazama Yona, akamchukua Yona akamweka mgongoni, na hakumshusha tena mpaka jioni.

Mwisho akamimina mbegu za kibuyu shimoni. Zilimiminika kidogo kidogo, nyeupe kwa dawa. Hapo ndipo alipolia. Si kwa sauti. Alisema tu kwamba zile zilitoka magharibi na bibi wa mumewe, ambaye alitembea nazo miezi, watoto wanalia njaa njiani naye hakukifungua kibuyu. "Akiba haiozi, wanasema. Hii haikuoza. Imefika kwangu nzima, nami nimeifukia."

Nikamwambia nitakwenda mjini, siku hizo maduka ya mbegu yalikuwa yamefunguliwa kila kona, nitamletea mbegu mpya. Akanitazama kwa huruma kidogo.

"Mbegu ya dukani haijui mvua ya hapa. Itasubiri mvua ya kwao." Akafuta mikono kwa majivu. "Nenda kwa mama yake Magdalena. Mwambie Matika hana mbegu."

"Kwa kina Magdalena?" nikauliza. Ujuaji hauishi kwa siku moja.

"Mgeni mwenye akili hapandi mbegu yake yote shambani kwake," akasema. "Nusu humpa aliyemkuta. Nenda."

Nikaenda. Sitakuficha, nilitembea polepole njia ile niliyotaka isifike. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi ulimi wangu ulikuwa umenitangulia nyumba ile siku mbili kabla.

Mama yake Magdalena alikuwa anasafisha jembe. Akanikaribisha, akanipa kigoda, akasikiliza. Nilimweleza yote, hata neno nililomwambia binti yake kwenye mstari, ingawa nilihisi ameshaambiwa. Akaingia ndani, akatoka na chungu kidogo kilichofunikwa jani, ndani yake uwele wa punje nono, rangi ileile ya mbegu tulizofukia.

"Hizi ni za kina Matika," alisema. "Walipofika walikuwa na kibuyu kimoja na watoto wagonjwa. Wakampa bibi yangu nusu. Bibi yangu akawaonyesha maji yalipo. Tangu siku hiyo kila mavuno tunabadilishana konzi, yao kwetu, yetu kwao. Shamba moja likifa, jingine lipo."

Akaniwekea chungu magotini. Kisha, bila hasira, akaongeza: "Ni kweli mwalimu, sisi hatukuja na kitu. Lakini waliokuja, vitu vyao tunavyo."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nimeifundisha methali hiyo nikidhani naijua. Kwenye ramani ya makumbusho hapakuwa na mshale kwa watu wale, na mimi nilidhani asiye na mshale hana habari. Kumbe mishale yote ilikuwa inaishia mlangoni kwao.

Nikamuuliza nimlipe nini. Akasema, "Ulilomwambia mwanangu mbele ya wenzake, lirudishe mbele ya wenzake." Basi.

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa la sita. Mwalimu mkuu alikuwa ameingia, amekaa nyuma na uso wake wa baiskeli, maana aliikuta kwenye tope. Nikawaeleza watoto yote niliyoyafanya, likiwemo la kumwamuru Nyemo anyamaze. Nikamwomba Nyemo radhi, nikamwomba Magdalena radhi, kwa majina yao. Kisha nikamwita Magdalena mbele asimulie habari ya ile konzi ya mbegu, akasimulia, na yalipomjia majina ya kwao yenye vidoko akayatamka bila kuyameza, na hakuna aliyecheka. Lilikuwa somo fupi. Sijafundisha jingine lililoshinda hilo kwa miaka yote niliyoshika chaki.

Usidhani mambo yaliishia kwa vigelegele. Mbegu za kwenye kile chungu hazikutosha. Mwaka ule Bibi Matika alipanda kipande kidogo tu cha kuzalisha mbegu, na nyumba ile ilipita msimu mgumu. Nililima nao kila Jumamosi, lakini jembe la Jumamosi halijazi ghala. Mkaguzi alikuja, mwalimu mkuu akamweleza, nami nikapewa onyo la maandishi, kuthibitishwa kwangu kukasogezwa mwaka mzima. Nililia, kisha nikaona nimeadhibiwa kidogo. Kibuyu chenyewe Bibi alinipa nikipeleke kwa Mzee Hamisi. "Chombo kilichoingia sumu hakirudi jikoni," alisema. "Sasa ndiyo mahali pake ni kule." Mzee Hamisi alikipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama yule mtoto mdogo ni mzima. Akaniuliza mara ya pili. Nikamjibu mara zote mbili.

Sasa nikuambie waziwazi ninachokutakia, maana wewe una haraka kama niliyokuwa nayo.

Wapeleke watoto makumbusho, mwanangu, wapeleke. Lakini usiwaambie walete vitu kabla hujafika majumbani mwao ukakaa, ukauliza kwa wenye navyo: kitu hiki kingali kinafanya kazi gani? Kinachoonekana cha kale kwako huenda ndicho watu wanachokula mwakani. Usimpime mtoto kwa alichobeba. Mwenye mikono mitupu muulize mara mbili, kama Mzee Hamisi, kwa maana kila safari ina aliyesafiri na ina aliyefungua mlango, na darasa linalomsifu msafiri tu limefundishwa nusu. Ukikosea, na utakosea, sema siku hiyohiyo, sema kwa wanaohusika, hata kama barua yako ya kazi inaning'inia. Na aibu yako usiiweke kamwe kwenye ulimi wa mtoto. Mtoto ni mwaminifu kuliko wewe. Ataibeba mpaka imuue.

Nyemo yupo. Ni muuguzi, ana watoto watatu, na kila mvua ya kwanza hunitumia konzi moja ya uwele kwa basi. Mimi hapa Ipagala sina shamba, lakini huupika, nikaonja. Kila mara, kabla ya kijiko kufika mdomoni, mkono wangu husita kidogo.

Haya, chai yako imepoa. Nenda salama, Mungu akutangulie njiani na akurudishie watoto wote kwa idadi uliyoondoka nayo. Akupe maneno, na akupe na ya kumeza. Na mkifika pale mlangoni, ikiwa kuna mtoto kando yako atafungua mdomo, Mungu akupe subira ya kusimama hapohapo juani, umngoje mpaka aseme.